Sweta za Kwenda Jangwani

Zipu ililia polepole gizani, kama inayofungwa na mtu asiyetaka isikike. Stima ilikuwa imepotea Kiganjo nzima tangu jua lizame, na Wanja alikuwa jikoni akisonga ugali kwa tochi ya simu. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akatega sikio. Zipu ikalia tena kidogo, ikanyamaza, kisha kitu kizito kikasukumwa chini ya kitanda.

"Baba Wamboi, ni nini hiyo?"

"Si kitu. Natafuta mshumaa."

Mshumaa ulikuwa mezani, unawaka. Mumewe, Gachau, alipotoka chumbani aliuona, na Wanja alimwona akiuona.

Asubuhi, mumewe alipokwisha kuondoka kwenda Ruiru kwenye karakana anakochomelea mageti, Wanja alipiga magoti akalivuta begi lililosukumwa chini ya kitanda. Safari yenyewe haikuwa siri. Mwezi mzima Gachau alikuwa akiimba Marsabit, Marsabit: mbuga ya wanyama juu ya mlima, na jangwa limeuzunguka kila upande. Aliwahi kwenda huko na mafundi wenzake kufunga tangi la maji, na tangu hapo amekuwa akimwahidi binti yao ndovu. Rafiki yake Kimeu, mwenye pikapu, ndiye angewapeleka mwisho wa likizo ya Agosti. Wawili tu, baba na mtoto. Wanja asingeweza kwenda, maana siku hizo hizo alikuwa na mtihani wa mwisho wa masomo ya jioni. Akiupita, ataacha kuuza nguo za mitumba na kuwa mwalimu wa chekechea.

Ndani ya begi alikuta sweta nzito za mtoto, kofia ya sufu, gambuti na blanketi.

Akakaa sakafuni. Nani huenda jangwani na kofia ya sufu? Sweta kama hizo zilikuwa na kwao, na Wanja alikujua: Njabini, Kinangop, kwa mama mkwe, ambako asubuhi baridi huuma masikio mpaka mtu ayashike ajue kama bado yapo.

Kwa desturi yao, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Ndiyo maana mtoto aliitwa Wamboi kama shosho yake, na Gachau humwita "maitũ", yaani mama, hata anapomfokea avae viatu. Hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ni kwamba shosho mwenyewe alilishika lile jina kama mtu anavyoshika hati ya shamba. Tangu mtoto aache kunyonya, wimbo wake ulikuwa mmoja: "Niletee huyo mtu wangu nimlee. Wewe si unapenda kusoma? Soma." Krismasi iliyopita alimpakata mtoto mbele ya wageni akasema, "Huyu ni mimi. Na mimi nakaa kwangu." Wageni walicheka wakashikana mabega. Wanja alicheka kwa meno tu, na usiku huo alilala amemfunga mtoto kwa leso mgongoni, kama mtoto mchanga.

Sasa mambo yalianza kujipanga yenyewe kichwani mwake. Mtu ambaye hajawahi kuwapeleka hata Chania, hapo tu, kuona maji yakianguka, ameona nini huko mbali? Mbona siku ziangukie mtihani wake? Na zile simu, mbona siku hizi anaenda kuzipokea nje, nyuma ya kamba ya nguo, akiongea chini chini?

Jioni hiyo darasani Ruiru, mwalimu alisema mengi na Wanja hakushika hata moja. Walipopewa nafasi ya kunyoosha miguu, alimgeukia Farhiya, jirani yake wa dawati, ambaye kwao ni Marsabit.

"Farhiya, hebu niambie. Kwenu kuna joto aje?"

"Kwetu chini ama kwetu juu?"

"Kwani kuna chini na juu?"

Farhiya akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Mama Wamboi! Na unataka kufundisha watoto wa watu! Sikia. Chini ni jua na mawe, na upepo wa kukuvua nguo. Ukipanda mlima, ni msitu. Ukungu unaingia mpaka jikoni bila kubisha. Asubuhi unasikia ng'ombe wako analia hapo na humwoni. Unadhani mimi sweta niliijulia Ruiru?"

"Wacha!"

"Wallahi. Mtu akimpeleka mtoto huko bila kofia, atarudi na kikohozi. Ni nani anaenda?"

"Baba Wamboi na mtoto. Amepanga sweta."

"Basi shukuru Mungu. Una mume anayejua baridi ya kwetu. Wangu hajui hata soksi za mtoto zinakaa wapi."

Wanja alicheka, na mara hii si kwa meno tu. Aibu ikamjaa. Mwanamume wa watu anamfikiria mtoto masikio, na yeye anamfanya mwizi! Akiwa njiani kurudi, alisimama kwa mama mmoja mwenye meza ya nguo akanunua glavu ndogo nyekundu.

Stima ilikuwa imerudi. Gachau na mtoto walikuwa mezani wanakula chapati na ndengu. Wanja alilitoa begi chini ya kitanda, akaliweka katikati ya chumba.

Gachau akaacha kutafuna. "Umelifungua?"

"Nimelifungua. Umesahau glavu."

Akamtupia. Gachau alizitazama zile glavu mkononi mwake, zilivyo ndogo, akazitazama tena.

"Kwa nini ulificha, Baba Wamboi?"

"Ungeanza. Ati sweta za nini, ati ukweli ni upi."

"Ningeanza, kweli. Wewe pia, si ungesema tu huko juu kuna baridi?"

"Nisamehe, Mama Wamboi."

Basi wakaipanga safari pamoja, kwa mara ya kwanza. Wanja akauliza maji yatabebwa na nini, na tairi ya ziada iko? Gachau akachangamka, akaeleza kwa mikono yote miwili: watatoka alfajiri, watalala Isiolo, kesho yake lami yote mpaka mlima utokee mbele kama wingu lililokaa chini. Kule ndani kuna ziwa katikati ya shimo kubwa, na jioni ndovu huteremka kunywa. Mtu hatoki garini mpaka askari wa mbuga aseme.

"Ndovu akikuja kwa gari?" Wamboi akauliza.

"Tunanyamaza, maitũ. Tunamwachia barabara, ni yake."

"Na mtarudi Jumapili?" Wanja akauliza, huku akikunja blanketi vizuri zaidi.

"Jumapili... hapo hapo. Inategemea Kimeu."

"Lakini shule zinafunguliwa Jumatatu."

"Tutaona, Mama Wamboi. Wewe fikiria mtihani wako."

Alisema akiangalia sahani. Wanja alilisikia lile jibu likipita, akataka kulishika, kisha akajiambia, la, leo umeshamkosea mtu vya kutosha. Akamvuta binti yake mapajani, akamvisha glavu moja kujaribu. Ilimtosha.

"Jumatatu ukirudi shuleni kwa Tisha wako," akamwambia, "utawaambia wenzako wote umeona ndovu kwa macho yako. Sawa, mama?"

Gachau alisukuma kiti nyuma, kama anayetaka kusimama haraka.

Mtoto aliugeuza mkono wenye glavu, akautazama upande huu na upande huu.

"Lakini shule yangu mpya iko kwa shosho."