Ng'ombe wa Nne

Vumbi la theluji hushuka kutoka kwenye misonobari hata pasipo upepo. Hushuka jembamba, jeupe, likipita katika mwanga wa mchana kama unga unaochekechwa, nasi wa milima ya Pokljuka husema msitu unapumua. Siku ile msitu ulipumua. Mimi nilishindwa.

Nakuita wewe, duara la adhabu. Wewe uliyelala kando ya uwanja wa shabaha, mita mia moja na hamsini za theluji iliyokanyagwa. Kila risasi inayokosa, mzunguko mmoja. Na mizunguko yako kila mtu hujihesabia mwenyewe. Ukipunguza mmoja, waamuzi wanakuongezea dakika mbili, na dakika mbili katika mchezo wetu wa kuteleza thelujini na kulenga shabaha ni kaburi.

Ndiyo maana nilikuzunguka na ng'ombe wa babu. Babu Lovrenc alikuwa nao watatu malishoni, na kila jioni aliwaita kwa mpangilio uleule. Liska. Breza. Rumenka. Mzunguko wa kwanza Liska, wa pili Breza, wa tatu Rumenka. Miaka kumi na miwili nimevaa sare ya jeshi, nimebeba bunduki mgongoni na mbao za skii miguuni, sikuwahi kuhitaji wa nne.

Kambini walijua. Tilen, askari mwenzangu anayepaka nta skii zetu, hakuacha kunichokoza.

"Koplo Jošt, leo umelisha wangapi?"

"Mmoja tu."

"Masikini! Na wale wengine wafe njaa?"

Asubuhi ile hakunichokoza. Alipaka nta tu, kwa kuwa meja wetu alikuwa amekwisha kusema, kikombe cha chai mkononi: "Jošt, una miaka thelathini na minne. Ingia kumi na tano bora, mkataba unaendelea. Usipoingia, mwezi wa tatu unavua sare. Sipendi kukwambia hivi, bwana. Lakini ndivyo ilivyoandikwa."

Nilifika kwenye shabaha za mwisho nikiwa wa tisa. Hizi hulengwa kwa kusimama. Moyo unagonga mkanda wa bunduki, mtutu unapanda na kushuka na pumzi, na kule mbele, mita hamsini, madoa matano meusi. La kwanza likageuka jeupe. La pili likabaki. La tatu jeupe. La nne likabaki. La tano likabaki.

Matatu meusi. Nikaingia kwako.

Liska.

Kisha, kwenye kona, kijana wa Norwe akaanguka mbele yangu. Skii zake zikapanda juu ya zangu, tukabingirika, theluji ikanijaa mdomoni. Nikainuka. Nikasukuma fimbo, nikazunguka, nikazunguka tena. Ukungu ulikuwa umeshuka, na nyuma ya ukungu watu elfu walitikisa kengele za ng'ombe, kama wafanyavyo kila mwaka kutupa moyo. Kengele, kengele, kengele. Kila kengele ilikuwa na ng'ombe wake, na ng'ombe wote walikuwa wangu, na sikumjua hata mmoja.

Nikafika kwenye njia panda yako. Kushoto, njia ya kumalizia. Kulia, wewe tena.

Niliyemwita mwisho alikuwa nani? Breza? Au Rumenka ameshapita?

Kocha Darinka alikuwa kwenye uzio. Niliona mdomo wake ukifunguka na kufungika. Kengele zilimeza kila neno.

Duara, ulijua. Ungeniambia.

Nikamkumbuka babu mlangoni pa zizi, mkono juu ya komeo. Hakuwahi kulifunga kwa kukisia. Akiwa na shaka, alirudi mlimani, mvua inyeshe isinyeshe.

Nikageuka kulia.

Rumenka, nikasema, kama ni wewe. Kama si wewe, basi yeyote uliyebaki huko nje.

Nilimaliza wa kumi na sita, sekunde nne nyuma ya wa kumi na tano. Karatasi ya waamuzi ilisema mizunguko minne.

"Nilikuwa nakuita, toka! Toka!" Darinka alilia, ameshika kichwa. "Jošt, toka!"

"Kengele, kocha."

Meja alikuja. Alivua glavu kwanza, kisha akanipa mkono, akaushika muda mrefu kuliko kanuni zinavyotaka. Nami nilikuwa nimeshaelewa.

Watu wakaondoka na kengele zao. Tilen akachukua skii zangu, akazigeuza, akazifuta taratibu kana kwamba kesho kuna mbio.

"Koplo," akasema, hanitazami. "Leo umelisha wangapi?"

"Wanne."

"Huyo wa nne anaitwaje?"

"Bado hana jina. Nitampa nikifika malishoni."

Juu yetu misonobari ikaachia vumbi lake. Likashuka juu yako, duara, jembamba, jeupe, likafunika alama za Liska, na Breza, na Rumenka, na za yule aliyerudi wa mwisho. Zizi limefungwa. Msitu ulipumua, nami nikapumua nao.