Pazia la Kinyozi Wagdi

"Sogeza kushoto," Insaf alisema akiwa mlangoni, mtoto begani. "Kikiwa hapo kinamwangalia mtoto."

Wagdi akakisogeza kioo. Ndicho kitu pekee kilichopona duka lake lilipobomolewa kupisha barabara, kioo kirefu cha kinyozi, na katika chumba cha mtoto alimohamishia kazi, cha hatua nne kwa tatu, hakikuwa na pa kwenda. Ukikiweka kushoto kinaonyesha kitanda cha mtoto. Ukikiweka kulia, kitanda cha mtoto. Mwishowe akatundika pazia katikati: upande huu kitanda na nepi, upande ule kiti cha kunyolea na nyembe zake. Mlango wa kibarazani ulifungukia uchochoroni, kwa hiyo wateja wangeingia na ndevu na kutoka bila ndevu, wasikanyage kwingine nyumbani.

Hilo ndilo lililokuwa sharti la Insaf. Mtoto wao Raghda alikuwa na siku thelathini na moja tu, na kabla ya arobaini mwanamume aliyetoka kunyoa ndevu zake haingii alipo mzazi. Maziwa yatakatika. Mji mzima wa Mahalla unajua hivyo, na hata wale wanaolicheka jambo hili huwafungia wake zao mlango.

Wagdi mwenyewe hakuwa amegusa ndevu zake kwa miaka mitatu. Kinyozi mwenye ndevu za kufika kifuani ni kichekesho, na wateja hawakumwonea huruma. "Fundi, mji mzima umekosa kinyozi wa kukunyoa?" Naye hucheka nao. Hakumwambia mtu sababu.

Sababu ilikuwa Samih, mtoto wa kwanza, aliyelala kitanda kile kile. Siku yake ya kumi na tisa maziwa ya Insaf yalikatika. Ya thelathini na tatu wakamzika. Daktari alisema ni kifua. Insaf alisema ni Dawlat, jirani yao, aliyeingia siku ile ya kumi na tisa na kapu la biringanya na nyama mbichi, vitu ambavyo navyo hukausha maziwa, akaketi nalo mbele ya mzazi kama hakuzaliwa mji huu. Tangu hapo Insaf hakumpa salamu, na uchochoro mzima ukajifunza kumfungia mlango kila palipozaliwa mtoto.

Lakini siku hiyo hiyo Wagdi alinyoa ndevu zake dukani kwa ajili ya harusi ya binamu yake. Akapita nyumbani kubadili shati. Insaf amelala, mtoto kifuani. Alisimama mlangoni, moyo ukamshinda, akaingia akambusu mwanawe kwa shavu lililokuwa bado na baridi ya marashi. Hatua tatu kwenda, tatu kurudi, na hizo ndizo alizokuwa akizitembea mpaka leo.

Tangu kioo kiingie, kumbukumbu hiyo ilizidi kumsumbua. Pazia halikufika chini, na mara mbili aliona kiooni miguu ya kitanda ikitikisika kidogo, ilhali Raghda analia chumba cha pili mikononi mwa mama yake. Alikishika kitanda, kikatulia. Aliogopa, nisiseme uongo.

Asubuhi iliyofuata mteja wa kwanza akaja. Alikuwa mzee Bahgat, aliyepooza upande mmoja, ameshikwa mkono na mkewe. Mkewe ni Dawlat.

"Baba Samih, mchukue mzee wako. Mimi nitakaa hapa nje."

"Ingia, shangazi. Jua kali."

"Niingie nimkaushe nani tena? Leo sina kapu, lakini mikono yangu si mnaijua." Alisema kwa utani, kisha akaketi juu ya kreti na kugeuza uso.

Wagdi akapaka povu. Wembe ukamkwaruza mzee kidogo chini ya sikio.

"Nilikuwa natoka sokoni," Dawlat alisema kule nje. "Nikasikia mtoto analia, nikasahau nimebeba nini. Nilimpenda yule mtoto, mwanangu."

"Si wewe, shangazi," Wagdi alisema kwa sauti ya chini.

"Unasemaje?"

"Nasema tayari. Nimemaliza."

Hapo mimi humkasirikia mpaka leo. Lakini walipoondoka hakuosha wembe. Alisimama, na Insaf akaja na mtoto upande wa pili wa pazia. Chini yake Wagdi aliona vidole vya miguu ya mkewe.

"Insaf, siku ile niliingia. Nilikuwa nimenyoa. Ulikuwa umelala."

Vidole havikusogea.

"Sikuwa nimelala," Insaf alisema. "Nilisikia marashi. Nikafumba macho nikaomba utoke haraka."

"Miaka mitatu, mke wangu."

"Ningekuchukia wewe, ningelala wapi? Dawlat yuko ng'ambo ya uchochoro. Yeye alikuwa rahisi kumchukia." Akavuta pumzi. "Nyoa."

"Bado siku nane."

"Nyoa, Wagdi. Kila nikiziona hizo ndevu namzika Samih tena. Mama alisema mzazi akienda mwenyewe kumpokea aliyenyoa, halimpati neno. Usije huku. Nitakuja mimi."

Akanyoa. Ilimchukua muda, na uso uliotoka kiooni ulikuwa ule ule ulioinama juu ya Samih. Akanawa. "Tayari," akasema.

Pazia likafunguka. Insaf alimtazama, akamwekea kiganja shavuni, kisha akakaa kwenye kiti cha kunyolea kwa kuwa hapakuwa na kingine.

"Kesho Dawlat akija, akae ndani," alisema. "Mimi ndiye nitakayemwambia kwa nini."

Akafungua vifungo. Raghda alitafuta ziwa, akapoteza, akatafuta tena, akashika. Wagdi akapiga magoti kando ya kiti, uso wake mtupu karibu na shingo ndogo ya mtoto, na yeye na Insaf wakasikiliza kama mtoto anameza.