Swichi ya Chumbani kwa Mama

Mimi ni fundi kompyuta, na hakuna kinachonipandisha hasira kama kompyuta inayozimika bila kuaga. Ya baba ilikuwa imeanza tabia hiyo. Yuko katikati ya mchezo wake wa karata, mara kioo cheusi, feni kimya.

Ingekuwa ya mteja ningemwambia anunue nyingine, maneno yakaisha. Lakini baba kumbukumbu zinamtoka. Mimi mwanawe wa kumzaa ananiita mwalimu, na mama anamwita nesi. Karata tu ndizo hajazisahau, tena kwenye kompyuta hii hii kuukuu. Niliwahi kumletea mpya, akaitazama kama mgeni aliyekalia kiti chake, akainuka akaondoka. Hii ikifa, karata nazo basi, na sijui baba atabaki na nini.

Nilishuku pawa saplai, lile sanduku la ndani linalogawa umeme, maana likichoka huwa linafanya hivyo hivyo. Nikafungua kasha pale pale sebuleni, nikapuliza vumbi la kutosha kuoteshea mboga. Nikapima kwa mita, umeme umetulia tuli. Hata hivyo nikafunga pawa saplai nyingine niliyokuja nayo. Baba akarudi kwenye karata zake, akacheza kwa raha zake, nami nikaanza kujipongeza.

Ikazimika.

"Chiriku!" baba akaita. "Chiriku wangu, njoo! Umeme umekatika!"

Nilibaki nimeduwaa na bisibisi mkononi. Chiriku ni jina alilompa mama enzi za uchumba wao, kwa jinsi alivyokuwa akiongea bila kituo. Sikuwa nimelisikia tangu baba aanze kuumwa. Mama akatoka chumbani mbio, akamshika mkono.

"Nipo, mume wangu."

"Usiende mbali."

"Niende wapi mie? Ngoja nikautazame huo umeme." Akaingia tena chumbani, na mara umeme ukarudi.

Baba akakitazama kioo kikiwaka. Mama aliporudi, akamwambia kwa heshima, "Ahsante, nesi."

Umeme gani uliokatika, wakati redio iliyokuwa pembeni yangu haikunyamaza hata kidogo? Nikainama chini ya meza. Waya wa ekstensheni iliyochomekwa kompyuta na kioo chake ulipita chini ya zulia, ukaingia chumbani kwa mama. Nikaufuata mpaka kitandani. Ulikuwa umechomekwa kwenye soketi ya ukutani kando ya mto wake, yenye swichi.

"Mama! Kumbe unaizima wewe?"

"Usipige kelele, atasikia." Alikuwa amenifuata, akafunga mlango. "Siku moja niliibonyeza kwa bahati mbaya. Akaniita Chiriku. Mwanangu, kutwa nzima mimi ni nesi. Kile kioo kikizima tu, ndiyo ananikumbuka."

"Utaiua hiyo kompyuta, mama. Na spea zake hazipatikani tena."

"Najua. Kila siku najiambia leo basi." Akajifuta macho kwa kiganja.

Nilikuwa na mengi ya kufoka, yote yakaniishia. Nikarudi sebuleni, nikachomoa redio, na kwenye soketi yake ya ukutani nikachomeka kompyuta. Kioo nikakiacha kwenye ekstensheni ya mama.

"Sasa swichi yako inazima kioo peke yake," nikamnong'oneza mama aliyekuwa amenifuata. "Kompyuta yenyewe haitadhurika, na karata zake atazikuta kama alivyoziacha. Ila usizidishe. Mwache mzee amalize walau mchezo mmoja."

"Mmoja tu?" akauliza, anacheka huku analia.

Nikafungasha vifaa vyangu. Baba akaniaga vizuri sana, akanisihi nisiwachape watoto wa watu shuleni. Nilikuwa mlangoni nafunga kamba za viatu niliposikia swichi ikibonyezwa chumbani, na mchezo hata haujafika nusu.

"Chiriku!"

Mama akanipita mbio, hata kwaheri hakunipa.