Mwenye Samaki Aje Amwondoe

Miti ilipoanza kuchipua na upepo kuamka, mke wa Nahodha alikaza kitambaa chake kichwani kwa mafundo mawili, akasimama nyuma ya mashua yao bapa, upondo mkononi. Kazi ilikuwa ile ile ya kila mwaka. Yeye husukuma mashua juu ya majani ya bahari, kwenye maji yasiyopita goti, huku akimtafuta samaki kwa macho. Mumewe husimama mbele na fimbo ya mshipi, akingoja kuambiwa atupe wapi. Jina la Nahodha mume alipewa kwa kinyozi. Mke hakupewa jina, maana kwa kinyozi hakuwa na shughuli.

"Kulia kwako, karibu na lile jiwe," alisema. "Tupa sasa, baba watoto."

Nahodha akatupa. Upepo ukamrudishia mshipi, ukamzungusha shingoni, kisha ukamvua kofia. Kofia ile aliipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Akamwachia mkewe fimbo, akajitosa majini na kuifukuza, mpaka yeye na kofia wote wawili wakawa vidoa kwa mbali.

Basi mkewe akatupa mwenyewe, chini chini, kama mtu anayeinama kupita mlango mfupi, upepo usimwone. Kolekole akameza ndoano, akakimbia, akachoka. Alipomfikisha ubavuni mwa mashua alimpima kwa mkono wake: toka ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko. Tumbo lilikuwa limejaa mayai, na miezi ya upepo samaki mwenye mayai hurudishwa majini. Desturi hiyo hata wezi wa nyavu waliiheshimu. Alimtoa ndoano, ikabaki alama kwenye mdomo wa chini, akamwachilia. Alifurahi mpaka akacheka peke yake. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaona samaki, na wa mwisho kuwagusa, wakati wa kuwapara magamba.

Jioni, kwa kinyozi, samaki alikuwa amevuliwa na Nahodha, na urefu wake ulikuwa mkono mzima mpaka begani.

Kesho yake mke alimkuta samaki pale pale, na alama yake mdomoni, urefu wake mkono mzima mpaka begani. Hakushangaa sana. Mdomo wa mumewe aliujua. Uliwahi kumponya jirani ugonjwa ambao hakuwa nao. Lakini Nahodha alikuwa na nywele zinazoota haraka, na kila alipokwenda kunyolewa aliongeza chumvi. Samaki akafikia urefu wa mlango, kisha wa mashua. Upepo ukayasukuma maji kwenda nje, mgongo wake ukabaki juu kavu, shakwe wakahamia. Mke alikwenda na ndoo kummwagia maji, akirudi nyumbani kugeuza mboga jikoni, kisha akienda tena. Samaki alimtazama kwa jicho la mtu aliyesingiziwa.

"Punguza kidogo, baba watoto," alimwambia mumewe. "Amekwama. Atakufa na mayai yake."

"Nikipunguza, watu wataniona mwongo."

"Basi sema nilimvua mimi."

"Mke wangu, hadithi imeshanyooka. Unataka niipinde ya nini?"

Mke akaenda mwenyewe kwa kinyozi. Alisimama mlangoni akaeleza: kofia, upepo, kiwiko. Kinyozi alisimamisha wembe ili asikie vizuri.

"Shemeji," alisema kwa upole, "unasema kweli, lakini husimulii."

Wateja walitikisa vichwa kukubali. Samaki hakupungua hata gamba moja. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Nahodha ilikuwa bado inakwenda.

Siku samaki alipoziba mkondo wote na mashua zikashindwa kutoka, Mwenyekiti wa wavuvi alifika ufukweni na kipaza sauti.

"Huyu samaki ni wa nani? Mwenye samaki aje amwondoe!"

Watu wote walimgeukia Nahodha. Nahodha alivua kofia, akaivaa tena.

"Si wangu," alisema. "Haki ya Mungu, ni wa mke wangu. Ndiye aliyemvua. Mimi nilikuwa nafukuza kofia."

Ulikuwa ukweli mtupu, na Mwenyekiti akautangaza kwa kipaza sauti, kila mtu akausikia. Mke alijikuta ameunyoosha mkono wake, tayari kuwaonyesha kiwiko.

"Mkeo?" alisema Mwenyekiti. "Si ungesema mapema! Basi kasamaki kenyewe kadogo tu."

"Kadogo," kinyozi alikubali. "Tena huenda kalijinasa kenyewe."

Watu walicheka, wakaafikiana. Maji yakarudi kwa kishindo pale palipokuwa na mgongo, shakwe wakajikuta wanaogelea, mkondo ukafunguka. Mwenyekiti alimshukuru Nahodha kwa kuondoa kizuizi, na jioni ile Nahodha alienda kunyolewa ingawa hakuwa na nywele za kunyoa.

Asubuhi upepo ulikuwa bado mkali. Nahodha alikuwa mbele, kofia ameifunga kwa kamba kidevuni, na mkewe ameshuka majini kuikwamua mashua kwenye mchanga. Samaki akaja kumzunguka kifundo cha mguu. Alikuwa mzima, mwepesi, ana alama yake mdomoni, na urefu wake haukuzidi kidole. Mke alishukuru kumwona hai, na iliuma. Aliinama, akauzamisha mkono, akagusa kiwiko.

"Ulikuwa mpaka hapa," alimwambia. "Mimi najua, na wewe unajua."

Samaki alipanda mpaka kwenye kiwiko, akakitazama vizuri, kisha akarudi kwenye kidole.

"Mama watoto!" Nahodha aliita. "Kuna kitu hapo?"

"Hakuna," alisema mkewe, akapanda, akashika upondo.