Wabanguaji wa Mzee Shamte

Mafuta ya ganda la korosho hayana huruma. Yakigusa kidole yanababua, ngozi inakuwa nyeusi, inabanduka, na ngozi mpya inayotoka chini yake nayo inababuliwa kabla haijakomaa. Asubuhi ile Zena alikuwa ameketi kwenye banda la Mzee Shamte, Newala, anapaka majivu viganjani, na bado alipogonga korosho ya kwanza machozi yalimtoka. Wenzake sita walikuwa wameuzunguka mkeka uleule, kila mmoja na jiwe lake na kigongo chake, wanapasua ganda bila kukivunja kiini. Ukivunja, unakatwa. Na ujira wenyewe, kabla ya kukatwa, ulikuwa unakuja Mungu akipenda.

Jioni walipotoka, Bonifasi alikuwa anawangoja njiani. Alikuwa karani wa Awadhi, tajiri wa korosho wa Masasi, lakini kazaliwa huku huku Newala.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, baba."

"Bosi anawataka. Ana ghala la sakafu ya saruji. Glavu zipo, chai ya maziwa ipo, na mkate. Ila hataki mmojammoja. Anataka timu. Nyie saba, kama mlivyo."

"Na mmoja wetu akikataa?" Isabela aliuliza.

"Basi, kazi haipo."

Isabela alikuwa hataki. Mama yake alipoumwa, Mzee Shamte alimpandisha mgonjwa kwenye baiskeli yake na kuisukuma mwenyewe mpaka hospitali. "Anachelewa kulipa, sawa," Isabela aliwaambia wenzake, "lakini mzee wa watu hajawahi kututukana. Amekopa mpaka kajaza stoo. Tukiondoka leo, nani atambangulia?"

"Atatafuta wengine," alisema Zena, Mama Swaumu kama walivyozoea kumwita.

"Wapi, Mama Swaumu? Kubangua unajifunza msimu mzima."

Hapo Zena alitoa neno lisilojibika. Wote saba walichezwa unyago mwaka mmoja, nyumba moja, kwa kungwi mmoja. Wakiwa bado wali mle ndani, waliapishwa kwamba anakokwenda mmoja wanakwenda wote, iwe harusini, msibani au shambani, na atakayebaki nyuma ajihesabu hana wenzake. "Sisi ni wali wa nyumba moja," alisema. "Unataka tuanze leo kusema Isabela alituacha?"

Isabela aliinama. Kisha akakaza khanga yake, akawafuata. Walikuwa wamefuatana hivyo tangu usichana, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufikiri kwamba tajiri naye anaweza kupata faida humo.

Walikwenda kumuaga Mzee Shamte wote saba, kwa heshima zote, shikamoo na marahaba. Mzee aliwatazama mmoja mmoja.

"Mngenisaidia kuzimaliza hizi tu," alisema.

"Mzee wetu, na sisi tuna njaa," Zena alijibu. Wala hakuwa anadanganya.

Masasi walianza vizuri. Glavu walipewa, zikachanika, zingine hazikuja. Chai ya maziwa ikawa ya rangi, kisha ikawa maji ya kunywa. Lakini mishahara ilitoka, na Zena alitembea mtaani kichwa juu kwa kuwa yeye ndiye aliyewavusha wenzake. Hata Isabela alianza kucheka tena.

Kisha asubuhi moja wakakuta mikeka yao imekunjwa na kutupwa nje. Ndani ya ghala makuli walikuwa wanapanga magunia ya korosho ghafi mpaka kwenye mabati. Isabela alisogea, akashika gunia moja, akaitazama alama yake nyekundu.

"Za Mzee Shamte hizi," alisema. "Rangi hii nilipaka mimi kwa mkono wangu."

Awadhi alikuwa mlangoni, anachokonoa meno. Zena alimwendea.

"Shikamoo, bosi. Leo tunakaa wapi?"

"Marahaba, Mama Swaumu. Kubangua kumekwisha. Hizi zinapakiwa hivihivi. Meli iko Mtwara, zinakwenda kubanguliwa India."

"Sasa sisi ulituitia nini?"

Hakukasirika. Alimweleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Yule mzee wenu alikuwa ananiharibia soko. Wakulima walimpelekea yeye kwa sababu alikuwa anatoa bei nzuri, na alitoa bei nzuri kwa sababu alikuwa na nyie. Mlipoondoka, korosho zikamlalia, aliyemkopesha akambana. Ameniuzia zote kwa bei niliyosema mimi. Soko huria hilo, mama. Kila mtu yuko huru."

"Ungemchukua mmoja ukatuacha wengine!"

"Mmoja wa nini? Bonifasi aliniambia, hawa ukimpata mmoja wao umewapata wote."

Wenzake walikuwa nyuma ya Zena, wamesikia kila neno.

"Lakini mimi si mtu mbaya," Awadhi aliendelea. "Kazi ya kushona magunia ipo, msimu wote. Nawapa nyie saba. Ila kuna banda jingine Chilangala, la mama mmoja anaitwa Rose. Ana wanawake wake, nao kama nyie, wamechezwa pamoja. Bonifasi atakupeleka sasa hivi. Ukirudi nao, wenzako wanashika sindano leo leo. Ukirudi mwenyewe, mnafungasha."

Zena aligeuka. Shakila, ambaye mumewe alikuwa kitandani mwaka wa pili, alikuwa anamwomba kwa macho. Ethel alikuwa ameshika ukuta. Zena alimtazama Isabela, akitamani amkataze, amshike hata nguo.

"Nenda," Isabela alisema. "Kule kwa mzee nilikwambia tusiondoke, tukaondoka. Leo nenda, Mama Swaumu. Sisi tutakungoja, si ni wali wa nyumba moja?"

Alipanda pikapu. Njia nzima Bonifasi alikuwa anapiga mluzi, naye Zena alikuwa ameifunika mikono yake kwa khanga.

Chilangala, banda la Mama Rose lilikuwa la makuti, nao wanawake walikuwa kazini, wengine wanakaanga korosho, wengine wanabangua. Mama Rose mwenyewe alikuwa amekwenda kununua kuni. Walipomwona mgeni wakasimama wote, wakamwamkia. Wakamletea kigoda. Msichana mmoja mwenye tumbo kubwa la mimba, ambaye mikono yake ilikuwa imeanza tu kubanduka ngozi, alimletea maji kwa magoti.

"Mama, si wewe wa timu ya Newala iliyohamia Masasi?" msichana aliuliza. "Habari zenu zimefika mpaka huku. Umekuja kutuchukua na sisi? Kweli mnapewa chai ya maziwa?"

Wote wakasogea wasikie. Nje Bonifasi alikuwa hajazima gari.

"Ndiyo, mwanangu," Zena alisema. "Na mkate."

Wakapiga vigelegele. Mmoja wao akachota maji, akayamwaga jikoni chini ya kikaangio, moto ukazimika, na korosho zikiwa bado ndani.