Ruhusa ya Kutoka

...uzio, anasema uzio tena, mita mbili na nusu kwenda juu na geti moja tu upande wa barabara, bwana usalama amesimama mbele ya mchoro wangu ukutani na kalamu yake haigusi karatasi, inazunguka juu juu kama nzi anayetafuta pa kutua, na mimi nimeulizwa swali, najua nimeulizwa, mwenyekiti kanigeukia kabisa na kusema, "Bi Michoro, wewe ndiye mwenye kazi, unasemaje, uzio au bila uzio?" kisha bwana usalama akadakia kabla sijafungua mdomo, afadhali, aendelee, aongee mpaka chai ipoe, maana leo sina neno hata moja kichwani, nimekaa na kikombe mkononi naitazama bustani niliyoichora mwenyewe kama mtu anayeangalia picha za harusi ya watu asiowajua... Bi Michoro, jina walilonipa hapa ofisini tangu nilipoingia, hakuna aliyeuliza kama nalipenda, na nikilikataa sijui wataniitaje, wenzangu wa rika langu ni mama fulani na mama fulani, mimi sina fulani, nina michoro... na huu ndio mkubwa kuliko yote niliyowahi kufanya, kiwanda kizima cha nguo kimebomolewa, ukuta umebomolewa, kimebaki kiwanja kitupu kando ya ziwa, na jiji limesema liwe bustani, la watu wote, nikachora nyasi pale palipokuwa na ghala, nikachora njia ya miguu pale palipopita reli ya mizigo, na ngazi za mawe zinazoshuka taratibu mpaka majini, mtu avue viatu akae, maji yamfike kwenye vifundo, na watu, lazima uweke watu kwenye mchoro, la sivyo wakubwa hawaoni kitu, nimewapanga wale watu wa kompyuta wasio na sura, baba na mtoto mabegani, wasichana wawili wanacheka, na mwanamke mmoja kwenye benchi anaangalia ziwa, na mwenyekiti kikao kilichopita akavaa miwani, akainama, akasema, "Huyu mama peke yake hapa anafanya nini? Anatia huzuni bwana, mtafutie mtu," watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, nikarudi mezani kwangu nikamtafutia mtu, mwanamume wa kofia, nikamkalisha pembeni yake, sasa wanaonekana kama watu wawili wanaosubiri basi na basi lenyewe halifiki, afadhali ningemwacha... "Samahani, mheshimiwa mwenyekiti," huyo ni mhandisi wa udongo, kijana mpole, mafua hayamwishi, "kabla ya uzio naomba tumalize suala la udongo, maana tukichimba nguzo za uzio tutakutana na haya," na anapitisha picha mezani, zinakuja mkono kwa mkono, zinanifikia, shimo limekatwa wima kama keki, na udongo una mistari, bluu, juu yake nyekundu iliyofifia, halafu manjano, halafu bluu tena, nene, "Hiyo ni rangi ya nguo," anasema, "walikuwa wanamwaga nyuma ya kiwanda miaka nenda miaka rudi, bluu imeshuka mpaka kina cha mtu," na mtu mmoja anasema, "Lakini inapendeza," wanacheka, na mimi naishika ile picha sitaki kumpasia mtu, bluu hii naijua, bluu hii imeshawahi kunilisha, ilikuwa kwenye kucha za mama, alikuwa idara ya rangi, akirudi jioni kitu cha kwanza nilichoangalia si uso wake, ni kucha, "Leo bluu!" napiga kelele, "Leo nyekundu!" na yeye anaficha mikono nyuma, anasema, "Bahatisha kwanza," hata kama amechoka mpaka macho yanafumba yenyewe, na tonge alilonikatia lilikuwa na alama ya kidole, nikila naona nimekula na rangi... lakini hiyo ilikuwa akifika, tatizo lilikuwa kufika, nilikuwa nakaa kizingitini tangu natoka shule, ufunguo shingoni kwa kamba, wenzangu tunacheza nao uwanjani, na jua likianza kulegea mama zao wanaanza kuita, mmoja, kisha mwingine, wewe njoo uoge, wewe njoo ule, kila jina likiitwa mchezo unapungua mtu, mpaka nabaki mimi na mpira wa mtu mwingine, naupeleka kwao, naambiwa asante, mlango unafungwa, narudi kizingitini... na mama zao wengine walikuwa hapo hapo kiwandani, hilo ndilo lililokuwa linaniuma, wa jirani yetu alikuwa idara ya kufunga mizigo na alikuwa anarudi mapema, nikamuuliza mama siku moja nikiwa na kama miaka tisa, "Mbona mama yake fulani anaomba ruhusa anarudi, wewe huombi?" akaendelea kupepeta mchele, akasema, "Huyo ana bahati," basi, na mimi nikaamua kwamba hataki, kwamba huko anakokwenda kuna ziwa, watu wote walisema kiwanda cha ziwani, mama yako yuko ziwani, nikamwona mchana kutwa akiangalia maji, amekaa zake na upepo, mimi nimekaa na ufunguo, nikalionea wivu ziwa, jamani, mtoto kulionea wivu ziwa... wivu huo sikuutua, niliondoka nao nyumbani nilipokwenda kusoma, nikawa nampigia simu mara moja moja, najibu kwa mkato, nikaja kuelewa ukubwani tu, mwaka juzi, nilipoingia mle kiwandani na utepe wa kupimia kabla hawajabomoa, ukumbi wa idara ya rangi, madirisha yote yako juu, juu kabisa chini ya paa, hata ungepanda juu ya meza usingeona kitu ila mbingu, ziwa lilikuwa hatua chache nyuma ya ukuta na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa akiliona, nikapima, nikaandika vipimo, nikatoka... "Bi Michoro, chai nyingine?" dada wa chai kasimama na chupa yake, natikisa kichwa, anamimina hivyo hivyo, ananiangalia kidogo, "Umelala kweli wewe?" anauliza chini chini, nasema nimelala, sijalala, nitalalaje baada ya jana... sitaki kufikiri ya jana, niangalie mchoro, niangalie ngazi, mawe ya ngazi yawe ya aina gani... jana saa kumi jioni nilikuwa nimewahi kurudi nyumbani kwa mama, ninakoishi naye siku hizi, jirani anayekaa na mama mchana kaniaga kaenda zake, nimekaa chumbani kwangu, mlango wazi, nasahihisha hii hii ramani, nikasikia anabisha, mama anabisha mlango wangu, mlango ulio wazi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, nikainua macho, amesimama pale amefunga kitambaa kichwani vizuri, mikono ameiweka nyuma, miguu ameibananisha kama mwanafunzi, na akasema, "Shikamoo, bi mkubwa." Mama yangu. Alinipa mimi shikamoo. Nimeshazoea mengi tangu kumbukumbu zianze kumtoka, nimezoea kuulizwa mimi ni nani, nimezoea kuitwa kwa jina la dada yake aliyefariki, nimezoea sabuni ndani ya sufuria, lakini hilo lilinipata kifuani kama mtu kanisukuma, kwa sababu shikamoo ya mama yako unaijibuje, hakuna aliyenifundisha, neno la kujibu lipo, kila mtu analijua, lakini haliwezi kutoka kinywani mwa mtoto kwenda kwa mama, ni kama maji kupanda mlima, na yeye akangoja, akasema kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya msichana, "Naomba ruhusa nitoke mapema leo, bi mkubwa, nina mtoto yuko nyumbani peke yake, bado mdogo, hajala," na mimi nikaruka kutoka kwenye kiti nikamshika mabega, nikasema, "Mama, ni mimi, mimi ndiye mwanao, niangalie, niko hapa, nimeshakula," na akaniangalia, akatabasamu, tabasamu la adabu, lile unalompa mkubwa wako wa kazi akitania na utani wenyewe huujui, akasema, "Mwanangu mdogo, bi mkubwa, hata kamba za viatu hajui kufunga vizuri," halafu akasubiri kidogo, kidogo tu, akasema, "Basi, samahani kwa usumbufu," akageuka, akarudi chumbani kwake, nikamsikia anakunja mashuka, anakunjua, anakunja, mpaka giza likaingia, akifanya kazi... na mimi nimelia, eh, nimelia sana, nikasema sasa ndiyo basi, uzi wa mwisho umekatika, sina baba, ndugu sina, mume alipita kama mgeni, na sasa hata mama hana mtoto, kuna mwanamke mzee na bosi wake ndani ya nyumba moja, hayo ndiyo niliyokesha nayo, hayo ndiyo niliyopanda nayo ngazi asubuhi hii... "Mimi nawaambia ukweli," bwana usalama amepandisha sauti, sasa kalamu inagonga karatasi, inagonga hapo hapo kwenye ngazi zangu, "bila uzio na geti hapatakuwa na udhibiti wowote, mtu ataingia anapotaka, atatoka anapotaka," na mwenyekiti anacheka, "Sasa bwana, si ndiyo bustani yenyewe?" "Hapana, mheshimiwa, lazima awepo mtu pale getini, mtu wa kuulizwa," mtu wa kuulizwa... atatoka anapotaka... ngoja... ngoja kwanza, jana hakurudia, mama aliomba mara moja tu, hakubembeleza, hakushangaa kunyimwa, alisubiri kiasi cha kusubiri, akasema samahani kwa usumbufu, akageuka bila kugongana na mlango, mama ambaye siku hizi hajui kijiko kinashikwaje, lakini hilo alilifanya kwa mpangilio, kila neno mahali pake, mikono nyuma, miguu pamoja, hayo si maneno ya kubuniwa na kichwa kilichochoka, hayo ni maneno yaliyotumika, yametumika mpaka yakaingia ndani kuliko jina langu, ndani kuliko sura yangu, yako chini kabisa kama ile bluu... alikuwa anaomba. Mungu wangu, alikuwa anaomba, siku ngapi sijui, nyingi, nyingi kiasi cha kujua kunyimwa kama mtu anavyojua njia ya kwao, kulikuwa na bi mkubwa fulani nyuma ya meza fulani, na mama yangu akiwa msichana mwenye kucha za rangi alikuwa anapanga mstari mbele yake saa kumi, anasema shikamoo, anasema nina mtoto, anaambiwa rudi kazini, anarudi, na mimi saa hiyo hiyo kizingitini nikimhesabia makosa, nikimpa ziwa na upepo, na hakuniambia, huyo ana bahati, ndivyo alivyosema, nikasikia tu kwamba hataki, kumbe wa jirani alipewa na yeye alinyimwa, ungemwambiaje mtoto kwamba umeomba na umenyimwa, angekuonaje, bora akuone huna haraka... na jana, jana sikusahauliwa, mbona sikuliona hilo, usiku kucha nimelia kwamba sina mama na mama alikuwa amesimama mlangoni anataka kuja kwangu, amesahau kila kitu, amesahau mwaka, amesahau kijiko, hilo tu ndilo halijamtoka, kwamba saa kumi imefika na mtoto hajala... tena mtu aliyemnyima jana ni mimi, bila kujua, nimekaa nyuma ya meza na ramani... leo atakuja tena, akivaa kitambaa atakuja, na mimi nitakuwa nimerudi, nitaomba kutoka hapa mapema, na akinipa shikamoo nitaipokea, ulimi ugome usigome, nitasema marahaba, mama yangu mzazi nitamwambia marahaba, dunia itanisamehe, halafu nitasema nenda, nenda sasa hivi, mtoto anakusubiri, nitamfungulia mlango wa mbele, nitamfuata nyuma kidogo nimwone anakoelekea, pengine atafika kwenye kona tu asimame, pengine atatafuta ile nyumba yetu ya zamani iliyokwisha kuvunjwa, mtoto hatamkuta, hilo najua, mtoto hayupo tena popote, kuna mimi tu na nywele zangu za mvi, na tutarudi wawili tukiwa wapweke vile vile, yeye akidhani nampeleka nyumbani, mimi nikijua tunarudi... lakini atakuwa ametoka, japo mara moja atakuwa ametoka jua bado liko juu... "Bi Michoro?" mwenyekiti ananiangalia juu ya miwani, bwana usalama hajakaa, kalamu yake bado iko juu ya ngazi, mhandisi anapenga kamasi, picha ya udongo bado iko mkononi mwangu na jasho la vidole limeingia kwenye bluu, "Tunakusubiri wewe, mama, uzio au bila uzio, watu watoke vipi?" na nafungua mdomo, naitafuta sauti, ile wanayotolea ruhusa, sijawahi kuitumia...