Umeme wa Saa Sita

Siku ya saba baada ya chanjo, Papa Honoré, muuguzi wa kampi, alimshika mtoto wa Athanasie mkono, akaugeuza kuelekea dirishani, akautazama muda mrefu. Akauachilia. Akashika mkono wa mtoto wa pili, wa tatu, wa nne. Alipomaliza wa tisa alijikalisha kwenye benchi katikati ya akina mama, kama mtu aliyeletwa kutibiwa.

"Hakuna chanjo hata moja yenye ilishika," alisema.

Athanasie alimgeukia dada yake. "Anasema nini?"

Verdiane aliinama karibu na mtoto. Alikuwa akiutazama ule mkono mdogo. Mahali palipochanjwa palipaswa kuwa na kipele kilichovimba, chenye maji, kipele kile ambacho kila mama alikijua na kukingojea. Hapakuwa na kitu. Mikwaruzo ilikuwa imekwisha kufutika.

"Anasema mutoto wako iko sawa na wale hawakuchanja," alisema mwishowe.

Ndui ilikuwa imeingia kijiji cha Kibua. Watu waliopita njia ya Buleusa walileta habari hiyo mwanzoni mwa Februari, mwaka wa 1955, na Athanasie, aliyekuwa ameteremka kutoka Masisi kumsalimia dada yake na kumwonyesha mtoto, alishukuru Mungu kwamba amefika mahali penye dispansari. Kule kwao, kwenye vilima vya maharagi na mihogo, wangengoja zamu yao. Hapa Walikale, kwenye kampi ya machimbo, mtoto alichanjwa siku ya pili tu.

Verdiane mwenyewe alikuwa na miaka minne katika kampi ile. Mume wake, Evode, aliangalia turbini kwenye mto, mashine iliyotoa umeme wa nyumba zote. Binti yao Sidonie alibaki Masisi kwa bibi yake, akisoma. Verdiane hakuwahi kuzoea joto la msitu. Masisi mtu huamka na kujifunika shuka nzito. Hapa kuanzia saa nne za asubuhi bati la nyumba lilikuwa linalia kwa jua, na kuwasha kuni ndani ya jiko dogo lile ilikuwa kama kujipika mwenyewe. Ndiyo maana alipenda sana resho yake, jiko la umeme ambalo karani mmoja mzungu aliwaachia aliporudi kwao. Aliweka chungu cha maharagi juu yake saa tano, akakaa mlangoni kupunga hewa, na saa saba chakula kilikuwa tayari. Hapakuwa na moshi wala majivu.

"Dawa ilikuwa mubaya toka Goma?" mama mmoja aliuliza.

"Hapana. Ya kwanza, ile ya mwezi wa Desemba, ya watu wakubwa wa machimbo, ilishika vizuri." Papa Honoré alisimama. "Na ninaiweka ndani ya frigo. Kila asubuhi ninafungua, ninakuta barafu. Kila asubuhi!"

Alisema hivyo huku akiingia chumba cha nyuma, na Verdiane akamfuata bila kuitwa. Ilikuwa saa sita kamili. Muuguzi alizungusha ufunguo, akavuta mlango wa frigo, na wote wawili wakarudi nyuma hatua moja. Kilichotoka ndani kilikuwa joto. Kile kisahani cha barafu kilikuwa kimejaa maji, na maji yenyewe, Verdiane alipotia kidole, yalikuwa ya uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Vichupa vya chanjo vilikuwa vimepangwa pembeni, vimetoka jasho.

Mashine ya frigo ilinguruma kidogo chini, ikatetemeka. Tak. Ikanyamaza.

"Yesu wangu," alisema Papa Honoré. "Sijafungua hata siku moja saa hii. Saa hii ninakuwaka na wagonjwa. Mama Verdiane, kimbia, uite bwana yako."

Evode alikuja na nguo zake za mafuta. Alisikiliza mashine ikijaribu tena na kukatika tena, mara tatu, kisha akajipangusa uso.

"Maji ya muto imepunguka," alisema. "Tangu Januari turbini inatoa nusu ya umeme. Usiku ile kurani inatosha, watu wamelala. Asubuhi inatosha. Lakini toka saa tatu mpaka saa kumi, kila nyumba inavuta, na kurani inabaki muchache. Taa inawaka, njo maana hakuna mutu anajua. Lakini mashine kama hii haiwezi kuamka na kurani ya vile."

"Inavuta na nini?" aliuliza muuguzi. "Taa, muchana?"

"Taa haiko kitu. Ni vyenye vinatoa moto. Pasi. Resho."

Hakumtazama mke wake aliposema neno hilo, na hilo ndilo lililomuumiza. Verdiane alikumbuka resho yake. Chungu chake kilikuwa jikoni, kinachemka saa ile ile. Alitoka bila kuaga, akapita mbele ya Athanasie aliyekuwa akiita jina lake, akafika nyumbani akang'oa waya ukutani kwa nguvu hata cheche zikaruka. Akakaa chini. Siku ya chanjo alikuwa amepika maharagi, na siku iliyotangulia pia. Alikuwa amemlisha mdogo wake chakula kilichoiva kwa nguvu za ile frigo.

Mchana ule hakula. Alitoka na Evode nyumba kwa nyumba, safu nzima ya makarani na makapita, wasimamizi wa kazi, nyumba kumi na nne. Evode alieleza wanaume mambo ya turbini. Verdiane aliingia jikoni.

"Tuseme nini, tusipige pasi tena?" aliuliza Mukasine, jirani yake, ambaye mume wake alikuwa karani wa ofisi na hakukubali shati lenye mikunjo.

"Piga asubuhi, saa kumi na mbili, mbele ya jua. Ao rudilia pasi ya makaa. Kupika, ni kuni, inje, chini ya muti. Maharagi tuloweke toka jioni, itaiva mbio. Na kutoka saa tatu mpaka saa kumi, hakuna mutu anachomeka kitu. Hata taa moja."

"Na hii joto?"

"Tufungue madirisha asubuhi, jua ikipanda tufunge. Tutundike mashuka yenye maji. Mama Mukasine, watoto wote wa kampi hawana chanjo. Hata wako, hata ule wa Athanasie."

Mukasine alimtazama mwanawe Séraphin, wa miaka minne, aliyekuwa akicheza na kigae mlangoni. Akachomoa pasi yake.

Kesho yake saa sita safu nzima ilikuwa kimya. Moshi wa kuni ulipanda nyuma ya nyumba kama zamani. Verdiane, Evode na Papa Honoré walisimama mbele ya frigo wakingoja. Mashine ilinguruma. Ikatetemeka.

Tak.

Verdiane alidhani hakusikia vizuri. Nyumba kumi na nne zilikuwa zimezima kila kitu, yeye mwenyewe alikuwa amepita kuhakikisha. Alimtazama mumewe, na Evode akaelekeza kidevu dirishani, juu ya kilima kidogo, penye nyumba nyeupe ya mkubwa wa kampi.

"Kule," alisema kwa sauti ya chini. "Mashine mbili za kupepea. Frigo mbili. Jiko kubwa. Na ile tangi ya kuchemsha maji ya kuoga. Peke yao wanavuta kupita sisi wote."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia jana. Alisema nikate laini ya makarani."

Verdiane alifikiri atalia, lakini hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Papa Honoré, mutoto wa Madamu wa kule juu, ulimuchanja na dawa gani?"

Muuguzi aligeuka kuitazama nyumba nyeupe. Alikuwa amepanda mwenyewe na kisanduku chake kumchanja msichana yule, siku ile ile, kutoka katika vichupa vile vile. Katika hofu yake kwa watoto thelathini na wawili wa safu hakuwa amemkumbuka wa thelathini na tatu.

Evode alimzuia mke wake mlangoni. "Mama Sidonie, watanifukuza."

"Wakufukuze," alisema, na mwenyewe akashtuka kwa jibu lake.

Alipanda kilima na jua la saa sita kichwani. Hakupita jikoni kama wengine walivyopita. Alipanda ngazi za mbele, akasimama kwenye barza. Ndani, mashine ya kupepea ilikuwa ikizunguka, na hewa yake ilimfikia miguuni, baridi kama ya Masisi. Madamu, mke wa mkubwa wa kampi, alitokea na kitabu mkononi.

"Nani alikutuma hapa? Jikoni ni nyuma!"

"Madamu, niangalie mukono ya mutoto."

"Nini?"

"Mukono yenye walichanja. Iko na kidonda?"

Madamu alitaka kumfukuza, ilionekana usoni. Lakini neno lile lilikuwa limekwisha kuingia. Aliita, na msichana mwenye nywele nyeupe akaja, miguu mitupu, na mama yake akamkunjia mkono wa gauni. Akatazama. Akampeleka kwenye mwanga, akatazama tena, akasugua ngozi kwa kidole gumba kana kwamba kipele kimefichwa chini.

"Hakuna," alisema. "Kwa nini hakuna?"

Verdiane alimweleza kwa maneno machache: mto, turbini, frigo yenye maji ya uvuguvugu, Kibua. Kwa kila alichosema, Madamu alizidi kupauka. Aliposikia jina la Kibua kitabu kilimwanguka. Hakukiokota. Aligeuka akaenda ukutani, akazima mashine ya kupepea, akaenda chumba cha pili, akazima nyingine. Verdiane alisikia vifungo vikilia nyumba nzima, kimoja baada ya kingine, na mpishi akiuliza jikoni kuna nini. Kisha pakawa kimya, na joto likaingia barzani.

Dakika kumi baadaye, alipofika dispansari, Papa Honoré alikuwa amepiga magoti mbele ya frigo, sikio lake kwenye mlango. Mashine ilikuwa ikinguruma, na haikukatika.

Tangu siku ile, kuanzia saa tatu hadi saa kumi, umeme wa mchana uliachiwa dispansari peke yake, na agizo likabandikwa ofisini kwa nyumba zote, hata ile nyeupe. Evode hakufukuzwa. Aliitwa tu, akaambiwa mke wake asikanyage tena barza ile.

Chanjo mpya ilifika kutoka Goma siku ya nane baada ya agizo hilo, ndani ya kisanduku cha mbao kilichojaa barafu na unga wa mbao. Lakini siku ya tano Séraphin wa Mukasine alikuwa amepata homa, na siku ya nane vipele vilikuwa vimejaa usoni. Alikufa asubuhi ya Jumapili iliyofuata. Daktari aliyepita alisema chanjo ile ya Februari, kama ingeshika, huenda ingemwokoa. Alisema "huenda," akaandika, akaondoka.

Verdiane alikwenda kwa Mukasine baada ya mazishi. Alikuwa ametayarisha maneno njiani, na yote yakampotea.

"Resho yangu iliwaka saa ile," alisema. "Siku ya chanjo. Nilikuwa ninapika."

Mukasine aliitazama mikono yake iliyolala magotini.

"Na mie nilikuwa ninapiga pasi shati ya Séraphin ya misa," alisema.

Wakakaa pamoja sakafuni, mlango wazi, hadi jua liliposhuka, na hakuna aliyemwambia mwenzake pole.

Athanasie, ambaye mtoto wake alichanjwa tena kwa dawa mpya, alingoja siku saba nyingine. Siku ya saba mkono wa mtoto wake ulikuwa na kipele cha kweli, kikubwa, chekundu pembeni, na mtoto alilia alipoguswa. Alipakia vitu vyake kwenye kamyo ya Masisi, akampakata mtoto ule mkono ukiwa juu, asiugonge. Verdiane alisimama kando ya barabara hata kamyo ilipopotea kwenye kona, kisha akarudi safuni, akapita kwanza kwa Mukasine kumchotea maji.